Zamu ya Nani Kwenye Taa Iliyokufa

Kazi yangu ni kuyafundisha magari yasiyo na dereva, na mimi sijawahi kushika usukani hata siku moja. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi mwenyewe nilicheka siku ya kwanza, nikadhani ni mchezo mwingine wa kuwapotezea wakimbizi muda. Tuko Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, fasi ambayo haina hata taa moja ya kuongoza magari. Njia yetu ni vumbi, na wanaopishana juu yake ni ng'ombe wa pembe ndefu, baiskeli zilizobeba madumu ya maji, bodaboda na malori ya chakula. Lakini kila asubuhi naingia kwenye chumba chenye kompyuta, navaa miwani, na picha zinakuja kutoka barabara za ng'ambo. Kazi ni kuzungushia visanduku. Hili gari, huyu mtu, hii taa, huyu mbwa. Wanasema gari likishaoneshwa visanduku vya kutosha, linaijua dunia. Haya.

Naishi peke yangu. Nalisema mapema ili mtu asishtuke mbele. Nyumba yangu ni ya udongo na mabati, ina mlango mmoja na dirisha moja, na ndani kuna sahani mbili ingawa anayekula ni mmoja. Majirani ni watu wema, Warundi upande huu, Wasomali kule mbele, tunasalimiana vizuri na tunaombana chumvi. Lakini ukishafunga mlango, chumvi haikusemeshi. Nje kelele mingi, ndani kimya, na mimi nimechoka nacho.

Mtu wangu aliyebaki duniani ni mmoja, mdogo wangu, kitindamimba wa mama yetu. Tulitoka Kivu ya Kusini mimi nikiwa msichana mkubwa na yeye meno ya utoto bado yanang'oka, na nilimlea hapa hapa kambini. Alikuwa na tabia yake. Akikosea, akipoteza kisu au akipigana shuleni, mimi nilinyamaza. Sikuwa mpigaji, kinywa changu kikifungwa, hilo lilimtosha. Basi hakuingia ndani. Alikaa nje ya mlango, mgongo ukutani, hata kama ni baridi, mpaka nimwite aje kula. Nikimwita anaingia, ananawa, anakula, na maneno yameisha. Hatukuwahi kuombana msamaha sisi wawili. Nilikuwa napakua ugali na kuita tu.

Akakua, akaoa, na alipooa kesi yake ya kwenda Amerika ikatengana na yangu. Yake ikatoka. Yangu bado iko, wanasema inasonga, na mimi nimekwisha kuacha kuuliza inasonga kwenda wapi. Siku walipopanda basi alinipa mkono kama tunavyopeana kwetu: wa kulia mbele, wa kushoto umekishika kiwiko cha ule wa kulia, na mwili umeinama kidogo. Kwetu humpi mkubwa kitu kwa mkono mmoja mtupu. Hata kumpisha njiani, unanyoosha mkono hivyo hivyo, umeshika kiwiko, ndipo anajua unampisha kwa moyo. Nilimfundisha mimi mwenyewe akiwa mdogo, na pale kituoni alikifanya kitendo hicho vizuri mno hata nikakasirika, kwa sababu nilijua sasa nitalia mbele ya watu.

Kule alipofika akawa ananipigia kila Jumapili. Baadaye Jumapili zikaanza kurukana. Mara ya mwisho alikuwa anakimbilia kazini, mtoto analia nyuma yake, akasema atanipigia. Nikamwambia basi, fanya kazi yako. Simu ikakatika.

Sasa kwetu kuna sheria ambayo hakuna aliyeiandika: aliyeondoka ndiye anayeanza kusalimu. Aliyebaki hamfuati msafiri kwa salamu, ataonekana anaomba. Tena mwenyewe alisema atapiga. Kwa hiyo zamu ilikuwa yake, hakuna ubishi hapo. Nikangoja. Mvua zikapita, kiangazi kikapita, watu wakavuna mahindi wakapanda mengine, hata miaka miwili ikatimia. Kile kiduara cha picha yake kwenye simu nilikiona kikibadilika, mara yeye, mara mtoto, mara ua jekundu sijui la nini. Basi yu mzima, ana nafasi ya kubadilisha maua. Nilikasirika, nikahuzunika, nikakasirika tena. Na simu niliipeleka kuchajiwa kila siku, isije ikaita ikiwa imekufa.

Msimamizi wa chumba chetu ni binti wa Kinyankore aliyezaliwa ndani ya kambi ya jeshi ya Makenke, kule Mbarara, baba yake alikuwa sajini. Kiswahili alikipata kule, na ni kile cha jeshi, kifupi na kikavu, kinakata hata vichwa vya maneno, kinatoa amri hata kikiomba maji ya kunywa. Sisi Wakongomani tunamcheka, na yeye anatucheka sisi na Kiswahili chetu kirefu. Ana roho nzuri. Ila kwenye kazi hana mchezo: picha ikikosewa inarudi kwako, na zikirudi mingi, unapumzishwa. Kupumzishwa ni neno lao la adabu la kufukuzwa.

Siku moja akatuletea kazi mpya. Picha zilikuwa za njia panda ambazo taa zake zimekufa. Mji mmoja wa Amerika ulikuwa umepigwa na dhoruba, umeme ukakatika, na magari yenye kamera yakapita humo kuangalia watu wanafanyaje. Gari lisilo na dereva, alitueleza, linajua nyekundu, linajua kijani, lakini likikuta taa nyeusi tii, linachanganyikiwa. Linaweza kukaa pale mpaka Yesu arudi. Lazima lifundishwe.

Maelekezo yenyewe si magumu. Taa iliyokufa ni sawa na amri ya kusimama. Kila gari lisimame. Aliyefika kwanza apite kwanza. Wakifika pamoja, aliye upande wa kulia apite. Watembea kwa miguu waachiwe kabla ya magari yote. Akiwepo polisi, mkono wake ni mkubwa kuliko taa. Na kama wote wamesimama, kila mmoja anamngoja mwenzake, basi gari lisogee kidogo, polepole, lioneshe nia, lisimame tena na kutazama. Hiyo ya mwisho niliisoma mara mbili kwa sababu ilinichekesha. Kazi yetu ilikuwa kuandika juu ya kila kisanduku: anangoja, anapita, anapisha, au huenda akavuka.

Tukavurunda siku ya kwanza tu, tena Wakongomani wote kwa pamoja. Kila mtu aliyekuwa karibu na barabara akiwa ameinua mkono, tulimwandika polisi. Kwetu Kongo taa ikifa, wala haipiti muda, mtu anajitokeza katikati ya njia panda na kuanza kuongoza magari. Anaweza kuwa polisi, anaweza kuwa mlevi mwenye filimbi ya mtoto. Mradi amesimama kwa uhakika, unamtii. Wale wa kwenye picha, kumbe masikini, walikuwa wanasimamisha teksi. Msimamizi alishika kichwa kwa mikono miwili akauliza mji gani huo una polisi wengi kuliko watu.

Ilikuwa siku hiyo hiyo ndipo nililiona basi. Lilikuwa limesimama chini ya taa iliyokufa, na ubavuni limeandikwa jina la mji. Nikalisoma. Nikavua miwani, nikaifuta, nikalisoma tena. Ulikuwa mji wa mdogo wangu. Mkono wangu ukaacha kufanya kazi, na jirani yangu wa meza ile akaniuliza kama naumwa, nikamwambia hapana, ni macho.

Tangu hapo sikuwa tena nafundisha gari lolote. Nilikuwa namtafuta mtu wangu. Tatizo ni kwamba watu wote wa kwenye picha wamefutwa nyuso. Wanasema ni kulinda siri zao, na mahali pa uso wanaweka kiwingu tu cha kijivu. Basi nikatafuta mabega. Nikatafuta mwendo, kofia, namna ya kubeba mfuko. Kila mwanaume mweusi mwembamba niliyemzungushia kisanduku nilimsalimia moyoni: umeamkaje, umekula, mtoto mzima? Nilijua ni upuuzi. Lakini ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu ya siku nzima, na nilifika nyumbani nikiwa nimechoka kama mtu aliyepokea wageni.

Na hapo ndipo nilipoiona kasoro ya kazi yenyewe. Taa ikifa, watu wanapitana kwa macho. Wewe unanitazama, mimi nakutazama, mmoja anatikisa kichwa, basi yameisha. Sasa hawa wametuletea watu wasio na macho, halafu wanatuuliza zamu ni ya nani. Nilimwambia hivyo msimamizi. Akasema gari halina jicho la kutazamana na mtu, lina kamera, na mimi nifanye kazi.

Halafu ikaja ile picha. Njia panda, taa nyeusi, lami imelowa. Gari la kamera limefika, na pembeni ya kivuko amesimama mwanaume mwembamba mwenye koti la bluu. Uso kiwingu. Lakini amenyoosha mkono wa kulia kulipisha gari, na wa kushoto umekishika kiwiko cha ule wa kulia. Ameinama kidogo.

Niliweka kiganja changu juu ya kioo cha kompyuta. Nani mwingine katika mji ule anampisha mtu namna hiyo? Nilichora kisanduku chake taratibu, nikaandika: anapisha. Siku ile nilirudi nyumbani nikiimba nyimbo za kanisani kwa sauti, mpaka jirani yangu Mrundi akanichungulia akauliza kama nimepata barua ya safari.

Picha ikarudi. Alama nyekundu, na maelezo kwamba mtembea kwa miguu karibu na kivuko aandikwe huenda akavuka, mikono yake isitafsiriwe. Nikaandika tena anapisha. Ikarudi. Nikaandika tena. Mara hiyo msimamizi akaja mwenyewe, akavuta kiti, akakaa.

"Mama, wewe naona mingi sana," akasema. "Andika ile iko kwa picha. Ile iko kwa roho ya mtu, wacha."

Nikamjibu kwa ukali kwamba mtu huyu anapisha, mtoto wa kwetu yeyote angeliona hilo akiwa mgongoni mwa mama yake, na gari likimngoja avuke, litangoja mpaka kesho kwa sababu yeye hatavuka mbele ya mkubwa. Nilijua nimevuka mpaka. Angeweza kunipumzisha pale pale, na haki yake. Badala yake akasema Jumamosi nitakwenda naye Mbarara, kuna njia panda ambayo taa zake zimelala, nikaone kwa macho yangu mambo yanavyokwenda, halafu tuzungumze.

Mbarara nilikuwa nimefika mara chache tu, hospitali na mambo ya karatasi. Safari hii nilikwenda kama mgeni wa mtu. Kwao siku hizi ni Nyamityobora, mtaa wa mjini humo, nyumba yenye maua mlangoni na mama mkarimu sana aliyenijazia maziwa kikombe mpaka juu. Ilinifurahisha na kuniumiza pamoja, kwa sababu wale watu wanaitana chumba hadi chumba, bila sababu yoyote, kusikia tu kama mwenzio yupo.

Baada ya chakula tukatembea hadi kwenye njia panda, tukakaa barazani kwa mama mmoja anayeuza chai na chapati. Taa zilikuwa juu ya nguzo zao, nyeusi. Msimamizi akasema hizo huwaka zikijisikia. Hakukuwa na polisi. Nilitegemea kuona watu wakiuana, lakini wapi. Bodaboda zilipenya kama maji, wanafunzi wakashikana mikono wakavuka, mzee mwenye ng'ombe mmoja akapita kana kwamba barabara aliijenga yeye. Kila mtu alimtazama mwenzake kidogo tu kabla ya kupita. Nikamgusa binti kwa kiwiko nikamwambia unaona, macho. Akasema anaona, mama, kunywa chai.

Ndipo zikafika gari mbili kwa pamoja. Moja ilikuwa pikapu ya sista, mtawa mzee kutoka upande wa Nyamitanga, nyuma amebeba mikungu ya matoke. Nyingine lori la jeshi la kurudi Makenke, limejaa askari waliolowa jasho. Zote zikasimama. Dereva wa lori akatoa mkono dirishani akamwonesha sista apite. Sista akaweka kiganja kifuani, akatikisa kichwa, akamwonesha yeye apite, maana amebeba watu wamechoka. Askari akatikisa kichwa: hapana, sista, wewe. Sista naye: hapana, mwanangu, nyinyi. Nyuma yao honi zikaanza. Askari walio juu ya lori wakaanza kucheka na kumtania dereva wao kwamba leo atalala hapo. Heshima ilikuwa tele pande zote, na hakuna tairi lililosogea.

Binti alicheka mpaka chai ikampalia. Akaniambia baba yake angekuwa hapo angewaweka wote mahabusu.

Mwishowe yule dereva wa lori akafanya jambo dogo. Alisogea kidogo tu, pengine urefu wa mguu, akasimama tena, akamtazama sista. Sista akacheka, akarudi nyuma kwenye kiti chake na kulegeza mikono juu ya usukani. Lori likapita. Kisha pikapu ikapita. Honi zikanyamaza, kila mtu akaendelea na maisha yake.

Mimi nilikuwa nalia. Machozi yalikuwa yanaingia kwenye chai na sikuyafuta. Binti akaacha kucheka, akauliza kuna nini, na pale barazani, mbele ya mama wa chapati, nikamweleza yote: mdogo wangu, mji ule, koti la bluu, simu ambayo hailii. Nikamweleza na sheria ya kwetu, kwamba aliyeondoka ndiye anaanza, kwa hiyo zamu ni yake na mimi nimesimama kwa haki.

Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Sasa mama, yeye najua kama ni zamu yake?"

Nikasema kila mtu wa kwetu anajua. Akauliza kama nilimwambia. Nikasema mambo hayo hayaambiwi. Akaniagizia chapati nyingine, nami nikaila yote kwa hasira, nikimkasirikia yeye, sista na lori.

Jumapili nilirudi Nakivale. Jua lilikuwa linaelekea kushuka, kule kwao bado ni asubuhi. Nilikaa kwenye kigoda ndani, nikafunga mlango ili Mrundi asinione nikidharauliwa, maana nilikuwa na uhakika haitapokelewa. Nikasema moyoni, nasogea kidogo tu, nisimame, nitazame. Nikabonyeza.

Ikaita mara chache, ikapokelewa.

"Yaya," akasema. Kwetu yaya ni dada mkubwa. "Ni weye kweli?"

Sauti ilikuwa nzito kuliko niliyoizoea. Nilikuwa nimeandaa maneno makali mengi, tangu mahindi ya kwanza, na yote yakanipotea. Nikamuuliza mbona alinitupa. Nikamwambia alisema atanipigia, na mimi nimekaa na simu mkononi kama mjinga.

"Yaya, ulisema fanya kazi yako, kisha ukanyamaza," akasema. "Nikajua umekasirika. Nilibakia inje, nangojaka uniite."

Mungu wangu. Mwanaume mzima, mke na mtoto, ng'ambo ya bahari, amekaa nje ya mlango wangu mgongo ukutani. Na mimi ndani, sahani mbili mezani, nangoja aingie mwenyewe. Nilijikaza nikamwambia sikukasirika. Nikamwambia ingia, ndivyo nilivyosema, ingia, na yeye akacheka na kulia pamoja, mimi vilevile.

Tuliposhiba kulia tukazungumza. Mtoto anasoma. Mke ana kazi ya kuosha vyombo kwenye hospitali. Hapo nikamwambia siri yangu, kwa furaha, kama mtu anayetoa zawadi aliyoificha nyuma ya mgongo. Nikamwambia namwona kila siku. Nikamweleza kazi yangu, dhoruba, taa zilizokufa, nikamtajia lile basi. Nikamwambia nilimwona amevaa koti la bluu, analipisha gari, ameshika kiwiko, na nilivyogombana na watu kwa ajili yake.

"Yaya, ule muji nilishaka toka," akasema polepole. "Inafika karibu myaka mbili. Tulifuata kazi fasi ingine, mbali."

Nikamuuliza basi yule wa kwenye picha ni nani. Akasema hajui. Nikasisitiza, nikamwambia alikuwa ameshika kiwiko, vizuri kabisa, kama nilivyomfundisha.

"Mimi niliacha, yaya," akasema. "Batu ba huku hawajue ile kitu. Nikiwapa mukono vile, banauliza kama mukono inaniuma."

Nyuma yake mtoto akauliza kitu kwa Kiingereza, na yeye akamjibu kwa Kiingereza, haraka, akinitaja mimi nadhani. Sikuelewa. Nilisema ni sawa, mambo ya huko ni ya huko. Nikasema asalimie wote. Tukasalimiana mara nyingi sana, kama watu wasiojua namna ya kuondoka, na mwisho mtandao ukatuamulia.

Jumatatu nikaingia kazini. Picha zilikuwa zile zile, za mji ule ule, na mvua yake na taa zake nyeusi. Watu wenye viwingu usoni walikuwa wamesimama kwenye vivuko vyao, na hakuna hata mmoja niliyemuuliza kama amekula. Nilichora, nikaandika, nikapeleka. Kabla ya chakula cha mchana ile picha ya koti la bluu ikarudi kusahihishwa. Nilimtazama. Ni wa kwetu mtu yule, hilo silibishi mpaka leo. Kuna dada mahali fulani, Uvira au Fizi au labda hapa hapa upande wa pili wa kambi, aliyemfundisha mkono ule. Nikafuta anapisha, nikaandika huenda akavuka. Alama ya kijani ikaja papo hapo.

Jioni msimamizi akapita kwenye meza yangu na kusema kati ya picha za leo sikurudishiwa hata moja, nimefanya kazi safi na ya haraka kuliko chumba chote. Akauliza kama nilipiga ile simu. Nikasema ndiyo, alipokea, tulizungumza vizuri. Alifurahi sana, akanipiga bega kama askari anavyompiga mwenzake.

Nilifika nyumbani, nikapika, nikapakua kwenye sahani moja. Simu niliipitisha kwanza kuchajiwa, sasa iko mezani, imejaa. Hatukukumbuka kusemezana zamu inayofuata ni ya nani.